Saa Moja kwa Mashine Zote

Ziko kompyuta ambazo wenyewe wamezitenga na intaneti kwa makusudi, kama zile za maabara za hospitali na za mitambo ya kufua umeme, ili mkono wa mharibifu usizifikie. Na uamuzi huo ni wa busara. Walakini kompyuta aghalabu hupata majira yake kwa kuziuliza seva za mbali, na iliyotengwa haina wa kumuuliza.

Saa ya kompyuta huendeshwa na fuwele ndogo inayotetemeka, na mtetemo wake hubadilika kwa joto na kwa uzee. Fuwele yenye hitilafu ya sehemu 20 katika milioni hupotosha saa kwa sekunde 1.7 hivi kila siku, yaani karibu dakika moja kwa mwezi; na madhali mashine moja hukimbia ilhali jirani yake huchelewa, tofauti baina yao huzidi kukua. Ndipo huweza kuonekana katika kumbukumbu za hospitali kwamba damu ya mgonjwa imepokewa maabara saa 4:10, nayo imetolewa mwilini mwake saa 4:12, na daktari asijue ashike lipi. Fauka ya hayo, utaratibu wa Kerberos, unaothibitisha watumiaji katika ofisi nyingi, kwa kawaida humkataa mtu ambaye saa ya mashine yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5.

Dawa ya maradhi haya ni kanuni iitwayo NTP, aliyoiasisi David L. Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na ambayo maelezo yake yalitolewa mwaka 1985. Mashine hupeleka swali kwa seva ikiandika saa ya kuliondosha; seva huandika saa ya kulipokea na saa ya kulijibu; kisha mwulizaji huandika saa ya kupata jibu. Kwa nyakati hizo nne, na kwa kukadiria kwamba kwenda na kurudi ni sawasawa, mashine hukokotoa muda wa safari na kujua imepotoka kwa kiasi gani.

Katika mtandao uliotengwa, basi, yapasa kuteua kompyuta moja iwe imamu wa saa, na nyingine zote ziifuate. Kwenye Linux, anayetumia programu ya chrony huandika katika faili la mipangilio la seva maneno `local stratum 10`, yanayoiruhusu kutoa saa yake hata kama haina wa juu wa kuifunza, na `allow 192.168.10.0/24`, yanayowapa ruhusa jamaa wa mtandao huo kuuliza. Nambari 10 ni daraja: kadiri daraja linavyokuwa dogo, ndivyo saa inavyokuwa karibu na asili yake, na 16 ni alama ya saa isiyolinganishwa na yoyote. Kwa kila mfuasi huandikwa `server 192.168.10.5 iburst`, ikiwa hiyo ndiyo anwani ya seva. Kisha amri `chronyc sources` huonyesha alama ya nyota kando ya seva iliyokubaliwa.

Mpango huo huleta mapatano, bali hauleti ukweli, kwani imamu akipotoka maamuma wote hupotoka naye. Anayehitaji saa ya hakika na aiunganishe seva yake na kipokezi cha GPS, ambacho antena yake huona anga na kupokea majira ya saa za atomiki zilizomo katika setilaiti. Kipokezi hicho husikiliza tu wala hakipeleki neno nje, hata utengano wa mtandao ukabaki vilevile. Kwa hiyo nawasihi wasimamizi wa mitandao ya namna hii: kabla ya kuifunga njia ya intaneti, tengenezeni kwanza njia ya saa, kwa maana kumbukumbu isiyo na wakati wa kuaminika haiwezi kuwa ushahidi wa jambo lolote.