Mizigo Imejaa, Mfuko wa Mpelekaji Mtupu

Maduka ya Luthuli Avenue na Kamukunji jijini Nairobi sasa huuza sana kupitia Instagram na TikTok, na kinachouzwa humfikia mnunuzi mgongoni mwa pikipiki. Kazi ipo. Anayeifanya ndiye anayezidi kudidimia.

Mei 2020 lita ya petroli Nairobi ilikuwa chini ya shilingi 90. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba lita ikavuka 211. Ilishuka kiasi baadaye, lakini ada ya kupeleka kifurushi haikuwa imepanda kwa kasi ya petroli, kwa sababu vijana wamejaa stejini: huyu akikataa kwenda Rongai kwa 300, mwingine ameshawasha injini. Kampuni ya usafirishaji ya Sendy ilipofunga 2023, na huduma ya kupeleka chakula ya Jumia Food mwisho wa mwaka huohuo, ushindani huo ulizidi.

Kinachouma zaidi ni safari isiyolipwa. Mteja wa Kasarani ameagiza viatu, malipo ni mlangoni. Mpelekaji anafika getini, anapiga simu, haipokelewi; mlinzi anamwambia asogeze pikipiki. Hatimaye mteja anatoka, anafungua boksi, anasema rangi si ile ya pichani, anarudi ndani. Viatu vinarudi dukani vikiwa vizima. Petroli ya kwenda na kurudi ni ya mpelekaji, na jioni mkopeshaji wa pikipiki anataka malipo ya siku. Anayechelewa sana hunyang'anywa chombo, hata awe amelipa zaidi ya nusu. Duka linalolipia matangazo lingeweza kulipia safari hiyo. Halilipi kwa kuwa hakuna anayelilazimisha.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inamtetea akiumia. Aliyejiajiri, kama mpelekaji huyu, yuko nje ya zote mbili, ingawa bei ya jasho lake hupangwa na wengine. Huo ni udhalimu. Hata bima ya afya imemgeuka: kwa NHIF, bima ya taifa ya awali, alilipa shilingi 500 kwa mwezi, lakini mrithi wake SHA ilipoanza Oktoba 2024 ilimtaka mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Serikali ikaleta Lipa SHA Pole Pole, inayomkopesha mchango huo aurudishe kidogo kidogo. Kwa mpelekaji, hilo ni deni jingine juu ya lile la pikipiki.