Vibali vya Kuendesha Jaa la Taka Nchini Kenya

Jaa la kufukia taka, au dampo kama wengi wanavyoliita, huanza kudaiwa vibali hata kabla udongo haujachimbwa. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinamkataza mtu yeyote kuendesha eneo la kutupa taka bila leseni. Leseni zenyewe ni mbili, moja baada ya nyingine, na zote hutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA: ya kwanza ni ya tathmini ya athari kwa mazingira, ya pili ni ya uendeshaji.

Ripoti ya tathmini huandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Hueleza aina ya udongo, kina cha maji ya ardhini, mito na makazi yaliyo karibu, na njia ambayo malori yatapita. Kanuni za tathmini za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo, achapishe ilani gazetini kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni, na aitishe angalau mikutano mitatu na wakazi watakaoathirika. Kampuni nyingi huichukulia mikutano hii kama desturi ya kupitisha karatasi, ilhali pingamizi ndizo huua miradi. Mpango wa kuhamishia taka za Nairobi huko Ruai ulikwama baada ya wasimamizi wa usafiri wa anga kuonya kwamba ndege wanaofuata taka wangehatarisha eropleni. Asiyeridhika na uamuzi wa NEMA, awe mwekezaji au jirani, ana siku 60 za kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira.

Leseni ya uendeshaji inafuata kanuni za usimamizi wa taka. Ni ya mwaka mmoja tu, na kila mwaka eneo hufanyiwa ukaguzi wa mazingira. Masharti yake huonekana wazi pale langoni. Lori lililofunikwa, lenye leseni yake ya kubebea taka, hupanda mizani. Dereva hutoa hati inayoonyesha taka zimetoka wapi, ni za aina gani, ni kiasi gani na zinapelekwa wapi. Baada ya hapo tingatinga husambaza shehena, huishindilia, kisha tabaka la udongo humwagwa juu ili kuzuia harufu, nzi na moto. Eneo lote huwa na uzio wa kuwazuia wanaochokora taka. Taka za hospitali, mafuta machafu na kemikali haziruhusiwi kuchanganywa na za majumbani. Zina taratibu zake na leseni zake.

Masharti mazito zaidi ni yale yasiyoonekana. Chakula kinapooza chini ya tabaka hizo hutoa maji meusi yenye sumu, na maji hayo yasipozuiwa hushuka hadi kwenye visima. Ndiyo sababu jaa la kisasa hutandikwa udongo wa mfinyanzi na karatasi nene ya plastiki, na mabomba hukusanya maji hayo yakasafishwe. Visima vya uchunguzi huchimbwa kando ili kupima kama kuna kinachovuja. Kuna pia gesi ya methani, ambayo hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Mteremko wa rundo nao hutazamwa: Agosti 2024 jaa la Kiteezi, Kampala, liliporomokea nyumba za majirani na kuua zaidi ya watu 30.

Mwekezaji hashughuliki na NEMA peke yake. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya uzoaji na utupaji wa taka, kwa hiyo mkataba au idhini ya kaunti haikwepeki. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeongeza jambo linalogusa mapato: taka zitenganishwe zilikotoka na zipitie vituo vya kuchambua, jaa lipokee masazo tu. Anayepanga faida yake kwa kutegemea tani kuongezeka kila mwaka anakwenda kinyume na shabaha ya sheria hiyo.

Utekelezaji ndio ulio dhaifu. Jaa la Dandora, Nairobi, lilifunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru lifungwe katika miezi sita, lakini malori yaliendelea kumwaga taka huko muda huo ulipopita. Kampuni binafsi isijifariji kwa mfano huo. Leseni yake inaweza kufutwa, na sheria inaruhusu apewe amri ya kurejesha ardhi katika hali yake yule aliyeiharibu.

Gharama inayosahaulika mno ni ya kufunga. Maji machafu na gesi huendelea kutoka kwa miongo kadhaa baada ya shehena ya mwisho. Umoja wa Ulaya hutaka bei ya kutupa taka ijumuishe uangalizi wa angalau miaka 30 baada ya kufunga. Anayeandaa zabuni ya kaunti aiingize gharama hiyo katika bei ya tani ya kwanza kabisa, kwani jaa likishafungwa hakuna lori litakalolipa langoni.