Maganda ya korosho na sumaku inayosikiliza kama redio

Ukiwa Rutamba, mkoani Lindi, ukatafuta kituo cha FM, unaoanisha redio yako na wimbi moja kati ya mengi yaliyojaa hewani, kuanzia megahezi 88 hadi 108. Tumeanza hapa kwa makusudi. Chombo tunachokieleza leo, ambacho wanakemia hukiita NMR, nacho ni redio ya aina yake, ila anayerusha matangazo ni kiini cha atomu.

Kisa chenyewe ni korosho. Anayebangua kwa mkono anayajua mafuta ya ganda: yanaunguza ngozi, ndiyo maana wabanguaji hupaka majivu viganjani. Mafuta hayohayo viwandani hutengenezewa rangi, gundi na breki za magari. Sehemu kubwa ya korosho zetu husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na maganda huondoka nazo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Egid Mubofu, wamechunguza namna ya kuyageuza kuwa kemikali zenye thamani. Lakini kemikali usiyoijua umbo lake huwezi kuipangia bei, na umbo hilo ndilo NMR inalolisoma.

Herufi N husimama badala ya 'nyuklia', neno linalowatia watu hofu. Hapa halina uhusiano na urani ya Mkuju wala mionzi. Ni kiini cha atomu tu. Hospitalini herufi hiyo iliachwa, na mashine inayotumia nadharia hiyohiyo ikaitwa MRI.

Kiini cha haidrojeni, yaani protoni, ni kama sumaku ndogo sana. Ukikiweka ndani ya sumaku kubwa, kinaweza kuelekea upande wa sumaku hiyo au kinyume chake. Kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine kunahitaji wimbi la redio la kipimo maalumu: megahezi 42.58 kwa kila tesla moja ya nguvu ya sumaku. Kwa hiyo katika tesla 2.35 protoni huitikia kwenye megahezi 100, katikati kabisa ya masafa ya FM.

Mbona basi maabara hutaka sumaku kubwa zaidi? Kwa sababu pande hizo mbili karibu zinalingana. Hata katika mashine ya megahezi 400, kwenye protoni milioni moja, upande mmoja unauzidi mwingine kwa takribani 30 tu. Sauti tunayoisikia hutoka kwa hao wachache.

Sasa ndipo utamu ulipo. Kila protoni imezungukwa na elektroni zinazoikinga kidogo dhidi ya sumaku, na kinga hiyo hutofautiana kulingana na majirani. Hivyo protoni za sehemu mbalimbali za molekuli huitikia kwenye masafa yanayopishana kidogo mno, na upishano huo hupimwa kwa sehemu katika milioni. Katika mafuta ya korosho, protoni za mwisho wa mkia mrefu wa kaboni huonekana karibu na 0.9, zile za katikati ya mkia karibu na 1.3, zilizo kwenye viungo viwili vya kaboni kati ya 5 na 6, na za pete ya benzini karibu na 7. Ukubwa wa kila alama hukuambia idadi ya protoni zilizopo.

Mafuta mabichi ya ganda yana asidi ya anakadi kwa wingi. Yakipashwa moto sana, asidi hiyo hupoteza kabonidayoksaidi na kuwa kadanoli, ambayo ndiyo viwanda hutafuta. Kwa macho hutajua kama kazi imekamilika. Kwenye NMR ya kaboni, alama iliyokuwa karibu na 175 hutoweka. Muuzaji mwenye karatasi hiyo mkononi anajadiliana bei akiwa na ushahidi.

Nadharia hii ilithibitishwa mwishoni mwa 1945 na mwanzoni mwa 1946 na makundi mawili ya Marekani, la Edward Purcell na la Felix Bloch, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Tatizo letu ni mashine. Sumaku zake zenye nguvu hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, na heliamu hiyo huongezwa mara kwa mara. Ndiyo sababu wanakemia wengi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakituma sampuli ng'ambo na kusubiri majibu.

Kujifunza kusoma majibu hayo, hata hivyo, hakuhitaji heliamu. Mwanafunzi wa kidato cha sita aanze na ethanoli, ile iliyomo kwenye gongo: vikundi vitatu vya protoni, kwa uwiano wa tatu, mbili na moja. Kundi la protoni tatu lina jirani wawili, basi alama yake hugawanyika mara tatu. Kundi la mbili lina jirani watatu, hugawanyika mara nne. Ile moja ya mwisho, iliyoshikana na oksijeni, mara nyingi haigawanyiki kwa sababu hubadilishana nafasi haraka na nyingine. Akielewa kwa nini iko hivyo, karatasi ya kadanoli itamsumbua kidogo tu.