Saa ya Kompyuta Inapozuia Barua Pepe

Leo tuangalie hitilafu inayowagharimu watu fedha nyingi bure.

Unawasha kompyuta ya mezani asubuhi. Intaneti ipo, na simu iliyounganishwa na mtandao uleule inafungua kila kitu. Kompyuta pekee ndiyo inakataa kufungua barua pepe, na kivinjari kinaonya kwamba muunganisho si salama. Wengi hubadilisha nenosiri, wakishindwa huilaumu kampuni ya mtandao, na mwishowe humwita fundi afute kila kitu na kuweka Windows upya. Kabla ya kufika huko, tazama pembe ya chini ya kioo, upande wa kulia. Ukikuta tarehe ni 1 Januari 2009, au mwaka mwingine uliopita zamani, chanzo umekipata.

Seva ya barua pepe hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta huzipima tarehe hizo kwa saa yake yenyewe. Saa ikisema ni 2009, cheti kilichotolewa mwaka huu huonekana bado hakijaanza kutumika, basi hukataliwa. Onyo hilo lipo kulinda nenosiri lako, ndiyo maana wanaowashauri watu walipuuze na kuendelea wanawapotosha vibaya.

Rekebisha tarehe, mwaka na saa, kisha jaribu tena, barua zitafunguka. Kesho tarehe ikirudi nyuma, betri ya saa imekwisha. Ni kidonge bapa cha volti 3, kwa kawaida aina ya CR2032, chenye upana wa milimita 20, kilichopachikwa kwenye ubao mkuu ndani ya kasha. Kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme, hata ikiwa imezimwa, huiendesha saa kwa umeme wa ukutani. Ukizima soketi, mzigo wote hubebwa na betri. Kwetu familia nyingi huzima soketi kila usiku kwa kuogopa umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Wana haki, na wasiache. Wajue tu kwamba betri yao itawahi kuisha.

Kuibadilisha ni kazi ndogo. Zima kompyuta, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Fungua kasha na uguse chuma chake kabla ya kugusa kingine chochote. Sukuma taratibu kishikizo kilicho pembeni mwa betri kwa ncha ya bisibisi, nayo itainuka yenyewe. Pachika mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha washa na uweke tarehe. Kompyuta za kupakata mwachie fundi, kwa kuwa betri zake mara nyingi hufungwa kwa waya.

Betri ya zamani usiiache mezani. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa 2 tu, hata kama haina tena nguvu ya kuendesha saa. Ikitokea hivyo, mkimbizeni hospitali mara moja, msingojee dalili.