Mfinyanzi Asiyelia Gaeni: Karamu ya Wasanii wa Farasi wa Kauri

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Maana ya juu ya methali hii ni bayana: yeye afinyangaye vyungu vya wenzake, chakula chake mwenyewe hukipakulia katika kipande cha chungu kilichovunjika. Wasomi wa fasihi simulizi wameizoea kama kinaya, au kama kilio cha fundi ambaye jasho lake hufaidi wengine. Ni nadra mtu kuuliza swali la upande wa pili: je, ipo siku ambapo mfinyanzi huketi kwenye meza iliyoandaliwa kwa ajili yake, kazi ya mikono yake ikiwa imewekwa katikati ya vyakula?

Makala haya yanaeleza siku ya namna hiyo. Yanahusu chakula cha jioni ambacho aghalabu hufunga mikusanyiko ya wasanii wa farasi wadogo wa kauri, hususan Marekani na Uingereza. Hoja inayojengwa ni mbili. Kwanza, karamu hiyo humrudisha farasi wa kauri mezani, mahali ambapo sanamu ndogo za kauri zilianzia maisha yake katika Ulaya. Pili, karamu hiyo imekuwa njia mojawapo ya kuyahifadhi maarifa ambayo viwanda vilivyofungwa viliyaacha bila mrithi. Mwishoni, makala yanaligeukia gae la nyumbani na kuuliza hoja hizo zinamwambia nini mwanafunzi wa Kiswahili.

Kauri: Neno na Kitu

Ni vyema kuanza na neno lenyewe. Katika Kiswahili, kauri ni kombe dogo jeupe la baharini, lenye mgongo laini unaong'aa. Neno hilo linafanana na lile la Kihindi litajalo kombe hilo hilo. Hata hivyo, kauri pia ni jina la vyombo vyeupe vya udongo vilivyochomwa vikang'aa: sahani ya kauri, bakuli la kauri. Cha kustaajabisha ni kwamba Waitaliano nao walipita njia hiyo hiyo. Neno porcellana, ambalo limezaa majina ya vyombo hivi katika lugha nyingi za Ulaya, lilikuwa kwanza jina la kombe hilo hilo. Lugha mbili zilizo mbali zilikitazama chombo kutoka Uchina, zikaona mgongo wa kombe.

Katika makala haya, kauri inatumiwa kwa maana pana. Inajumuisha kauri halisi, ambayo udongo wake mweupe huchomwa kwa joto la nyuzi 1,300 za Selisiasi au zaidi, na vilevile udongo wa kawaida uliochomwa kwa joto la chini kuliko hilo na kufunikwa kwa utando wa kioo.

Kutoka Kaburini hadi Mezani

Farasi wa udongo ni mkongwe kuliko karamu zake. Mwaka wa 1974, wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na mji wa Xi'an nchini Uchina waliligundua jeshi la udongo la mfalme wa kwanza wa Qin, na katika jeshi hilo wamo farasi wenye ukubwa wa kawaida. Karne nyingi baadaye, katika enzi ya Tang (618–907), mafundi wa Uchina walifinyanga farasi waliopakwa rangi za kaharabu, kijani kibichi na maziwa, wakazikwa pamoja na watu wenye hadhi. Farasi hao hawakufinyangwa ili watazamwe na walio hai. Walikuwa mali ya marehemu.

Safari ya kuelekea mezani ilianza kwa sukari. Katika karamu za wafalme wa Ulaya, wapishi wa vitamutamu walizoea kuumba majumba, miungu na wanyama kwa sukari, kisha wakaipamba meza kwa sanamu hizo mwishoni mwa mlo. Sukari ilikuwa ghali, na sanamu zake hazikudumu. Kauri ilipopatikana, ilichukua nafasi yake.

Namna ilivyopatikana ni kisa chenye funzo. Johann Friedrich Böttger alidai kwamba angeweza kutengeneza dhahabu. Augustus Mwenye Nguvu, mtawala wa Saksonia, alimtia kizuizini ili dhahabu hiyo isimponyoke. Dhahabu haikupatikana. Badala yake, mnamo 1708, Böttger na mwanasayansi Ehrenfried Walther von Tschirnhaus walifanikiwa kupata kauri nyeupe, na mwaka wa 1710 kiwanda kikaanzishwa mjini Meissen, ndani ya ngome iliyo juu ya mlima. Ngome ilichaguliwa kwa sababu siri ilipaswa kulindwa. Lakini siri ya udongo haifungiki kwa kuta: mwaka wa 1718 kiwanda kingine kilikuwa kimekwisha kuanzishwa Vienna kwa msaada wa mafundi waliotoroka. Böttger alifariki mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 37 tu.

Mchongaji Johann Joachim Kändler aliwasili Meissen mwaka wa 1731. Ndiye aliyeunda, pamoja na wasaidizi wake, seti ya vyombo inayojulikana kwa jina la Batamaji, yenye vipande zaidi ya 2,000, kwa ajili ya waziri Heinrich von Brühl kati ya 1737 na 1742. Ndiye pia aliyeijaza meza ya Ulaya watu na wanyama wa kauri, wakichukua mahali pa wale wa sukari. Hata hivyo, ndoto yake kubwa ilikuwa farasi. Alitaka kuunda mnara wa kauri wa Augustus wa Tatu akiwa juu ya farasi, mkubwa kupita chochote kilichowahi kuchomwa jokoni. Kazi ilisonga kwa miaka, kisha Vita vya Miaka Saba (1756–1763) vikaizima. Kilichosalia kikamilifu ni kielelezo kidogo. Kwa maneno mengine, farasi aliyeshindikana uwanjani aliwezekana kwa kipimo cha meza.

Ugumu wa Miguu Minne

Mtu asiyejua kazi hii huenda akauliza: kwa nini farasi awashinde mafundi wakubwa? Jibu limo katika maumbile yake. Farasi ni pipa zito lililosimama juu ya vijiti vinne. Nyama na mfupa hulihimili jambo hilo, udongo hulikataa.

Msanii wa leo kwanza huchonga farasi wake kwa nta, udongo au gundi ngumu. Juu ya mchongo huo hutengeneza kalibu ya plasta ya jasi, yenye vipande kadhaa vinavyofungamana. Kisha humimina ndani yake udongo uliolainishwa ukawa kama uji mzito. Jasi hunyonya maji, na tabaka la udongo hugandamana na kuta za kalibu. Uji uliobaki humwagwa, na ndani hubaki farasi mtupu kama gamba la yai. Hapo ndipo kalibu hufunguliwa, mishono husawazishwa kwa kisu na sifongo, na masikio, mkia au mguu uliotolewa kando huunganishwa kwa uji ule ule.

Methali husema udongo upatize ungali maji, na hapa haina mafumbo yoyote. Kosa lisilorekebishwa wakati udongo ungali na unyevu hurudi jokoni likiwa ufa. Aidha, udongo hunywea ukauswapo na kuchomwa. Farasi atokaye jokoni aweza kuwa mdogo kwa sehemu moja ya kumi au zaidi kuliko alipoingia. Miguu hulegea kwa joto, hivyo fundi humwekea nguzo za udongo wa aina ile ile tumboni, ili nguzo na farasi zinywee pamoja. Akitumia nguzo isiyonywea, farasi hupasuka. Baada ya kuchomwa mara ya kwanza hupakwa rangi na kioo, kisha hurudishwa jokoni, pengine mara tano au zaidi, kwa kuwa kila rangi ina joto lake. Kila mara mlango wa joko unapofungwa, kazi ya wiki nyingi huwekwa rehani. Kalibu nazo huchakaa: kila farasi anayetolewa huchukua chembe ya ukali wa mistari yake.

Viwanda Vilivyofungwa

Kwa muda mrefu, maarifa haya yalikuwa mikononi mwa viwanda. Nchini Uingereza, kiwanda cha Beswick katika eneo la Stoke-on-Trent kilijulikana sana kwa farasi wake, wengi wao wakiwa kazi ya mchongaji Arthur Gredington. Huko California, kampuni ya Hagen-Renaker, iliyoanzishwa mwaka wa 1945, ilitoa farasi waliobuniwa na Maureen Love, ambao wakusanyaji huwahesabu miongoni mwa wale walio hai zaidi kwa macho. Baadhi ya michongo ya kampuni hiyo ilikodishwa na kampuni ya Breyer, inayotengeneza farasi wa plastiki tangu 1950, na kwa njia hiyo umbo lililobuniwa kwa udongo likafika katika vyumba vya watoto wengi.

Kiwanda cha Beswick kilifungwa mwaka wa 2002. Hagen-Renaker nayo ilikoma uzalishaji mwaka wa 2021. Kiwanda kinapofungwa, mashine huuzwa na majengo hupata mwenyewe mpya. Kisichouzika ni ujuzi wa kiganja: kujua kwa kugusa kwamba udongo umekauka vya kutosha, au kwa kutazama rangi ya moto kwamba joko limeiva. Ujuzi huo ulihamia kwa wasanii binafsi wanaofanya kazi katika vibanda na vyumba vya chini ya nyumba zao, wengi wakiwa peke yao. Upweke huo ndio unaoipa mikusanyiko yao uzito.

Karamu Yenyewe

Mikusanyiko ya wapenzi wa farasi wadogo ni ya namna nyingi. Ipo ile mikubwa, kama tamasha la Breyer ambalo limefanyika tangu 1990 mjini Lexington, Kentucky, na ipo midogo ya wasanii wachache wanaokutana kwa siku kadhaa kufunzana. Katika mashindano, waamuzi hupima usahihi wa maumbile, ubora wa ufundi na uzuri wa rangi. Mchana, basi, ni wakati wa kupimana. Usiku hubadilisha mambo.

Chakula chenyewe si lazima kiwe cha anasa. Jambo la kuzingatia ni mpangilio. Aliyeshinda na aliyeshindwa huketi benchi moja. Farasi wa kauri huwekwa mezani, hutolewa kwa kura au hupigwa mnada kwa faida ya kikundi, na hupita mkono kwa mkono. Kumshika kazi ya mwenzako ni kuisoma: kidole hupapasa mahali mshono ulipozibwa, jicho hutafuta alama ya nguzo chini ya tumbo. Maswali hufuata. Uliuzuiaje mguu usilegee? Kioo hiki ulikichoma kwa joto gani? Na jibu hutolewa, kati ya mkate na mchuzi, bila ngome wala mlinzi.

Hapa tofauti na Meissen hudhihirika. Katika meza ya Brühl, farasi na batamaji wa kauri walitangaza utajiri wa mwenye nyumba, na mfinyanzi hakualikwa. Katika meza ya wasanii hawa, mfinyanzi ndiye mwenyeji na ndiye mgeni. Siri iliyomnyima Böttger uhuru wake hutolewa kama kitoweo. Wala hatua hiyo haitokani na ukarimu mtupu. Msanii aliyefanya kazi peke yake kwa miaka 30 anajua kwamba asipoulizwa swali usiku huo, huenda asiulizwe tena, na kalibu zake zitarithiwa na watu wasiojua kuzifungua.

Gae la Nyumbani

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba pwani ya Afrika Mashariki iliijua kauri kabla ya Meissen. Machimbuko ya Gedi, yaliyoanza kufukuliwa na James Kirkman mwaka wa 1948, yalitoa vigae vya kauri ya Uchina. Katika nyumba kongwe za Lamu, zidaka za ukutani zilipambwa kwa vyombo vya kauri, na katika makaburi ya mnara ya pwani, bakuli ziligandishwa kwenye chokaa. Mswahili, kama Msaksoni, alijua kwamba kuna chombo cha kulia na kuna chombo cha kutazamwa.

Kwa upande mwingine, ufinyanzi wa vyungu, ambao katika jamii nyingi za Kenya umekuwa kazi ya wanawake, hufundishwa kwa mkono na kwa mdomo, mama kwa binti. Sufuria na ndoo za plastiki zimeupunguzia wateja. Pamoja na chungu, maneno nayo yamo hatarini. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili wanaoweza kutofautisha joko na tanuri, au kueleza kalibu ni nini bila kufungua kamusi? Msamiati wa kazi hukaa mahali ambapo wenye kazi huzungumza. Mazungumzo yakikoma, neno hubaki kamusini kama farasi wa Tang kaburini: zima, zuri, na lisilotumiwa na yeyote.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba karamu ya wasanii wa farasi wa kauri ni zaidi ya shibe ya usiku mmoja. Humrudisha farasi mezani, humketisha aliyemuumba mahali pa heshima, na huyapa maarifa ya mkono nafasi ya kusemwa kabla hayajapotea. Methali ya wahenga haijabatilishwa. Siku nyingine zote za mwaka mfinyanzi angali akilia gaeni, na pengine farasi wake bora wako kwenye kabati la mtu mwingine. Lakini methali hiyo inamkumbusha mtafiti wa Kiswahili jambo moja la kutenda: kwenda kuketi na wafinyanzi waliosalia, kula nao, na kuuliza kila kitu kinaitwaje ungali udongo una maji.