Kuhesabu Masikio Hakutoshi

Ripoti nyingi za upimaji wa masikio ya watoto wachanga huanza kwa kutaja idadi ya waliopimwa. Nchini Marekani idadi hiyo imekwisha kupita watoto 95 katika kila 100 wanaozaliwa. Hiyo ni kazi kubwa, hapana shaka. Lakini haimwambii mtu kama mtoto kiziwi amesaidiwa.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mwaka 1978 David Kemp wa London alitangaza kwamba sikio zima hurudisha mwangwi wake lenyewe. Basi kifaa kidogo hutiwa sikioni mwa mtoto aliyelala, hutolewa mlio, na mwangwi husikilizwa. Asiyerudisha mwangwi si lazima awe kiziwi, kwani huenda sikio lina majimaji ya uzazi tu. Yapasa aitwe tena, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Katika miaka ya 2010, huko huko Marekani, zaidi ya mmoja kati ya kila watano walioshindwa kipimo hicho hawakuwa na maandishi ya kuonyesha kwamba walichunguzwa baadaye. Mama amehama, au barua haikufika, au hakuna aliyemweleza akafahamu.

Wataalamu wa nchi hiyo walikwisha kuweka mizani: kupimwa kabla ya mwezi 1, uziwi kuthibitishwa kabla ya miezi 3, msaada kuanza kabla ya miezi 6. Uchunguzi uliotolewa Colorado mwaka 1998 ulionyesha kwamba waliotambuliwa kabla ya miezi 6 waliwapita kwa lugha wenzao waliochelewa.

Hata anayerudi hospitali aweza kudhulumika. Huko Lothian, Scotland, wakaguzi walifungua majalada mwaka 2021 wakakuta kasoro kubwa katika huduma waliyopewa watoto zaidi ya 150 kwa muda wa miaka mingi. Vipimo vilifanywa; waliovisoma ndio waliokosa ujuzi wa kutosha, na hapakuwa na wa kuwasahihisha.

Kwa hiyo ofisa atakayewekewa mezani ripoti ya mpango wa namna hii asiridhike na ukurasa wa kwanza. Aulize walioshindwa ni wangapi, waliorudi ni wangapi, walikuwa na umri gani walipopata kifaa cha kusikia au kuanza lugha ya alama, na ni nani asiye wa hospitali hiyo aliyeyakagua majibu. Kwetu visiwani, ambako mzazi huenda akahitaji chombo cha kuvukia ndipo afike kwa mtaalamu, swali la waliorudi ndilo la kuulizwa mwanzo, na pamoja nalo: nauli italipwa na nani?