Siku Nne Kazini, Mshahara Uleule

Alhamisi alasiri ofisi za serikali za Sharjah, katika Falme za Kiarabu, zikishafungwa, nyingi hazifunguliwi tena hadi Jumatatu asubuhi. Ndivyo ilivyo tangu Januari 2022: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni mapumziko. Watumishi wa serikali ya shirikisho, kwa upande wao, hufanya kazi nusu siku ya Ijumaa na kutoka saa sita mchana, wakaiwahi sala.

Hamu ya wiki fupi haiko Ghuba tu. Nchini Uingereza, kuanzia Juni hadi Desemba 2022, kampuni 61 zenye wafanyakazi wapatao 2,900 ziliijaribu kwa makubaliano mepesi kueleweka: mfanyakazi alipwe mshahara wake wote, apunguziwe muda wa kazi kwa asilimia 20, naye akamilishe kazi ileile. Miezi sita ilipokwisha, kampuni 56 ziliamua kuendelea. Siku za kuugua zilishuka kwa karibu theluthi mbili, walioacha kazi wakapungua kwa zaidi ya nusu, na mapato hayakuporomoka.

Mwenye kampuni atauliza, tena ana haki ya kuuliza: kazi ya siku tano inaenea vipi katika siku nne?

Jibu zuri zaidi linatoka Iceland. Mwaka 2015 jiji la Reykjavik lilianza majaribio na watumishi wachache, baadhi yao wa ofisi ya ustawi wa watoto, kazi inayochosha mwili na roho. Hadi 2019 walioshiriki, wa jiji na wa serikali kuu, walikuwa zaidi ya 2,500. Wengi walitoka saa 40 kwa wiki wakashuka hadi 35 au 36, bila kukatwa hata senti. Hawakuletewa mashine za ajabu. Walikaa chini wakatazama siku ya kazi inaliwa na nini, na mlaji mkubwa akaonekana upesi: vikao. Sehemu moja ilikataza kuitisha kikao baada ya saa tisa alasiri. Kwingine vikao vilifupishwa, au mambo yake yakamalizwa kwa barua pepe. Mapumziko ya kahawa nayo yakabanwa. Yeyote aliyewahi kukaa ukumbini saa nzima akimsubiri mwenyekiti anaelewa muda huo ulikuwa umefichwa wapi.

Wafanyakazi walieleza kupungukiwa na msongo wa mawazo, na baadhi ya akina baba wakaanza kushika kazi za nyumbani walizokuwa wakiwaachia wake zao. Kufikia 2021, asilimia 86 ya wafanyakazi wa nchi hiyo walikuwa wamepata saa fupi au haki ya kuziomba.

Hapo ndipo penye mvuto wenyewe, wala si kwenye uvivu kama wanavyodhani baadhi ya mabosi. Mtu anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta, Dar es Salaam, hutoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi usiku, foleni ikiwa imemnyonya nguvu zilizobaki. Mtoto anamwacha amelala, anamkuta amelala. Jumamosi ni ya kufua, kwenda sokoni na kuhudhuria msiba. Jumapili ni ibada, na jioni yake nguo za Jumatatu zinapigwa pasi. Mtu huyo akiongezewa siku moja, anapata nafasi ya kumsikiliza mwanawe akisoma.

Na afya ipo hatarini kwelikweli. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa kazi za saa 55 au zaidi kwa wiki zilichangia vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 pekee.

Hata hivyo, si kila kazi inafupishika kwa kufuta vikao. Mgonjwa hahudumiwi kwa barua pepe, na geti halijilindi. Iceland ililazimika kuajiri watu zaidi katika huduma za afya, na gharama hiyo ikabebwa na serikali. Ubelgiji ilichukua njia nyingine mwaka 2022: sheria yake inamruhusu mfanyakazi kuzibana saa zilezile za wiki ndani ya siku nne. Hiyo ni afadhali kidogo tu, maana siku zenyewe zinakuwa ndefu mno.

Kwa jirani zetu wa Rwanda, mabadiliko yalianza Januari 2023. Saa za kazi zilishushwa kutoka 45 hadi 40 kwa wiki, ofisi zikafunguliwa saa tatu asubuhi na shule saa mbili na nusu. Serikali ilitaja waziwazi ustawi wa familia kuwa mojawapo ya sababu.

Tanzania haihitaji kusubiri siku nne ndipo ianze. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Lakini mlinzi wa zamu ya saa kumi na mbili, siku sita mfululizo, anafikisha saa 72. Waajiri waanze kwa kumtimizia huyo haki iliyokwisha kuandikwa, na wakaguzi wa kazi wafike getini kwake usiku, wamuulize ameingia saa ngapi.